Re: Bangi ya dawa ikiruhusiwa, wavutaji si watajificha humo?

Mkuu, umeuliza kama bangi ya hospitali haitakuwa kichaka cha wavutaji. Mbona mofini, dawa ya maumivu makali, inatokana na afyuni na madaktari wanaiandika, tena kwa usimamizi? Mama mdogo wangu hapa Igoma, Mwanza, alikuwa akitoka kwenye dripu za saratani, harufu tu ya sato wa jirani kwenye mafuta inamkimbizia kwenye beseni. Marekani wameruhusu dronabinoli, kiini cha bangi kilichotengenezwa maabara, tangu 1985 kwa kutapika kwa aina hiyo. Ni kidonge, si msokoto! Lesotho wametoa leseni za kilimo cha dawa tangu 2017. Kwetu Tanzania, kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, kukutwa na bangi ni kesi. Ila mgonjwa wako usimpe ya kijiweni, kipimo chake hukijui.