Mwulizeni taa ilikuwa wapi

Swali lenu la wiki hii: je, ni haki mtu kufungwa kwa maneno ya shahidi mmoja tu aliyeona kwa macho? Najua wengi watajibu kwamba angalau wawe wawili. Mimi nasema mmoja anaweza kutosha, ila si kwa sababu ameapa kwamba ana uhakika.

Tukidai wawili kila mara, aliyeporwa akiwa peke yake atashitaki kwa nani? Mwizi naye hakosi akili, atangoja uwe peke yako. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililisema hili mwaka 1953 katika kesi ya Abdalla bin Wendo: jambo laweza kuthibitishwa na shahidi mmoja, lakini utambuzi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa mazingira ya kuona yakiwa magumu.

Halafu wingi wenyewe si dawa. London, mwaka 1896, Adolf Beck alinyooshewa kidole na mwanamke mmoja baada ya mwingine kuwa ndiye aliyewatapeli vito vyao. Akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Polisi walimdhania kuwa tapeli mmoja aliyewahi kufungwa mwaka 1877, kumbe kumbukumbu za jela zilionyesha tapeli yule ametahiriwa na Beck hajatahiriwa. (Govi halioti upya, lakini nani aliuliza?) Mwaka 1904 akatiwa hatiani tena kwa mtindo uleule, ndipo mhusika halisi akanaswa.

Wanawake wale hawakuwa waongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwongo ukimbana kwa maswali hujikanyaga. Mkweli aliyekosea hajikanyagi, maana hana anachoficha.

Mimi mwenyewe jioni moja nilimkimbilia kaka yangu barabarani. Shati lake, mwendo wake, hata kile kichwa anachokiinamisha kidogo upande. Nikamshika bega, akageuka: simjui. Kama angekuwa ametoka kumpiga mtu na asigeuke, ningeapa nimemwona kaka. Katika kesi ya Turnbull ya mwaka 1976, majaji wa Uingereza walionya kuhusu jambo hilihili: mtu hukosea hata kwa ndugu na rafiki. Wakataka yaulizwe mambo ya kawaida kabisa: alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, kulikuwa na kizuizi?

Mimi ningeongeza: uhakika huo ulianza lini? Ronald Cotton wa Marekani alifungwa mwaka 1985 kwa ubakaji. Mwathirika alikuwa amekariri uso wa mbakaji makusudi ili amkamatishe. Alimchagua Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambulisho, yaani watu waliopangwa mstari ili shahidi amwonyeshe mhusika, ambako sura pekee iliyokuwamo pia kwenye picha ilikuwa ya Cotton. Alipofika mahakamani hakuwa na chembe ya shaka. DNA ikamtoa Cotton mwaka 1995.

Kwa hiyo mkinikalisha kwenye kiti cha hakimu, nikaletewa jirani aliyemjua mshtakiwa miaka mingi, akamwona mchana, hatua tatu, na akamtaja jina kwa mtu wa kwanza aliyefika, sitaomba wa pili. Lakini akija aliyevamiwa usiku, kurunzi likimmulika yeye machoni na mvamizi akiwa gizani nyuma ya kurunzi hilo, hata alie vipi mbele yangu, nitamwachia mshtakiwa aende zake.