Nafungua gemu ya mafumbo, dakika kumi nimeshaifunga

Mkuu, umeuliza kama ni wewe tu ambaye hizi gemu za mafumbo za watengenezaji wadogo zimekutoka moyoni, au ndio uzee. Tuko wengi. Mimi ninazo kumi na moja kwenye laptopu na tangu mwaka juzi sijamaliza hata moja.

Nilianza na Braid, ya Jonathan Blow. Ilitoka 2008, ila mimi niliikuta miaka mingi baadaye kwenye laptopu ya mtumba niliyonunua Mwanjelwa, Mbeya. Nilikuwa nimepanga Uyole. Mwezi wa saba, baridi ile mnaijua, unacheza umejifunika blanketi vidole tu ndio viko nje. Bando sina. Kwenye Braid unarudisha muda nyuma, lakini vitu vyenye mng'ao wa kijani haviguswi na muda. Kuna ufunguo wenye mng'ao huo uko shimoni; ukiufuata hutoki. Ulinikwamisha siku mbili (wataalamu chekeni tu, najua ile ni levo rahisi). Siku ya tatu niko kwenye daladala, tunapita Sae, nikashtuka: kumbe nauchukua, halafu narudisha muda, mimi napanda juu na ufunguo ninao! Konda akaniuliza nashuka au vipi.

Baadaye kipato kikakaa sawa, bando likawepo. Nikachukua Baba Is You ya Mfini Arvi Teikari, 2019. Humo kanuni zenyewe ni maneno unayoyasukuma: ukivunja sentensi inayosema ukuta unazuia, unapita ukutani kama moshi. Sijaona akili kama ile. Ina levo zaidi ya 200. Nikakwama mapema tu, nikasema ngoja nichungulie YouTube kidogo. Iliyofuata nikavumilia dakika kumi. Iliyofuata tatu. Mwisho nikawa namtazama mtu mwingine akicheza gemu niliyoilipia mimi.

Wapo wanaosema tatizo gemu zote ni zilezile, watoto wa Sokoban, kusukuma maboksi ghalani, ya Japani 1982. Kuna ukweli, hasa tangu PuzzleScript ya 2013 imwezeshe yeyote kutengeneza yake kwenye kivinjari. Lakini bao nalo ni mashimo 32 na kete 64 miaka yote na wazee hawajalichoka. Najua, bao lina mpinzani. Ndipo ninapofikia.

Bibi yangu wa Tukuyu alikuwa akitutegea vitendawili jikoni. Ukishindwa, hupewi jibu bure: "Nipe mji." Ukimpa kijiji anakataa, anataka mji wa maana. Ukishampa anautembelea kwa maneno, anakula vya huko, anakucheka, ndipo anakwambia. Tulikuwa tunakesha tukiumiza kichwa ili tu asiichukue Dar es Salaam. YouTube haijawahi kuniomba hata kitongoji.

Kwa hiyo sasa nacheza na mdogo wangu, kila mtu na simu yake, data imezimwa, levo moja kwa wote wawili. Anayetaka jibu anatoa mji. Siwezi kukudanganya kwamba hamu imerudi yote. Siku nyingine nafungua, naangalia, nafunga. Ila mpaka juzi nimeshampa Makambako na Mafinga, na kuna levo moja imenikalia wiki nzima kwa sababu Iringa siitoi.