Aliyefungwa kwa ubakaji karudi mtaani, mnamfukuza aende wapi?

Mleta mada umeuliza vitu viwili, kwamba hapo kwenu Mikindani kuna mzee katoka jela, alifungwa kwa kubaka mtoto, je atarudia? Na je mnaweza kumfukuza maana vijana wa kijiweni wameshaanza kujipanga. Mi niko Lindi vijijini, nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji kipindi wa kwetu anarudi, ntakuambia tulivyofanya. Wale wa "achomwe moto tu" mnisamehe, sina cha kuwajibu.

Kwanza muelewe kwa nini hawa watu tunawaona sana sasa hivi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuja 1998, ndiyo iliyoleta mvua 30, yaani miaka 30 jela, kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Sasa mfungwa akiwa na nidhamu anapunguziwa theluthi, 30 inabaki 20, piga hesabu mwenyewe, waliofungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndo zamu yao hii. Wengine wanatoka kwa rufaa, unakuta umri wa mtoto haukuthibitishwa au hati ya mashtaka ina kasoro, basi mtu anaachiwa na kijiji kinabaki kugombana alifanya au hakufanya. Halafu kuna wale wa shambulio la aibu, yaani kumshikashika mtu kingono bila kubaka, miaka yao michache, wanarudi bado vijana. Hao wa mwisho ndo wa kuangaliwa zaidi kuliko huyo babu yenu, ingawa najua mtaa unamuogopa babu.

Kuhusu kurudia, watu wengi wanadhani ni lazima. Wamarekani waliwafuatilia watu wa makosa haya waliotoka jela za majimbo 30 mwaka 2005, ndani ya miaka 9 waliokamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la kingono walikuwa asilimia 7.7. Wafungwa wengine kwa kosa hilohilo ilikuwa 2.3. Kwahiyo wengi hawakamatwi tena kwa kosa hilo, ila hatari yao ni zaidi ya mara tatu ya mwizi au mpiganaji aliyetoka siku moja na yeye, vyote viwili ni kweli na usiache mtu akuambie kimoja tu. Na hapo ni waliokamatwa jamani. Sisi tunaoishi huku tunajua ngapi zinafika polisi na ngapi zinamalizwa kifamilia kwa mbuzi na laki mbili.

Tafiti za wenzetu zinasema pia anayerudia zaidi ni yule aliyekuwa na makosa ya hivyo zaidi ya moja, aliyewafuata watoto wasio ndugu zake, hasa wa kiume, na mwenye umri mdogo, umri ukienda hatari inashuka. Pombe, kukosa kazi na kukaa peke yake bila mtu wa kumuuliza umeshindaje vinaongeza. Na msidhani kozi za gerezani zinatibu, Uingereza walikuwa na programu yao kubwa ya kuwabadilisha wafungwa hawa, utafiti uliotangazwa 2017 ukaonyesha kwamba waliopitia programu walirudia asilimia 10 na ambao hawakupitia asilimia 8, wakaifuta. Aisee hela yote ile.

Sasa ya kwetu. Huyu alikula karibu miaka ishirini, karudi ana mvi kichwa kizima, mama yake alishafariki, nyumba imeanguka. Kwetu Wamwera mtu ni wa upande wa mama kwahiyo alifikia kwa dada yake, na yule dada ana wajukuu watatu wa kike ndani. Hapo ndo tatizo lilipokuwa, ila vijana wao walikuwa wanazungumzia mapanga. Mwenyekiti akaita kikao, nikasema kabla hatujasema lolote twende kwanza kwa aliyetendewa, maana yupo, ni mtu mzima sasa, anauza samaki wa kukaanga na mihogo hapo njia panda. Tukaenda mimi na mama mmoja wa kamati. Hakulia wala nini, alikuwa anageuza samaki, akasema "Nimesikia wazee wanataka kumleta aniombe msamaha. Mwambieni mjomba wake asimlete. Na asinunue kwangu." Basi. Wazee waliudhika kweli maana walishapanga siku na ubwabwa, lakini tulisimamia hapohapo, hakuletwa.

Tukakaa na ukoo wake. Mjomba akaulizwa unampokea au humpokei, akasema nampokea, akaambiwa basi wewe ndo utajibu. Makubaliano: asilale nyumba yenye watoto, wakamjengea kibanda cha udongo nyuma ya kwa mjomba, dada yake awe anampelekea chakula. Asiende kwenye vilabu vya uraka, ile pombe ya mabibo, na kazi apewe ya kufanya na watu wazima, akaanza kuchanganya na kupuliza salfa kwenye mikorosho na vijana wa mjomba. Wale mama wa jirani wakaambiwa wazi, siyo kwa kunong'ona, kila nyumba yenye mtoto.

Kitu kilichotusumbua zaidi ni msimu. Kuanzia Oktoba korosho zikianguka watoto ndo waokotaji, wanaenda mashambani peke yao kabla na baada ya shule, mashamba mengine ni kilomita mbili huko hakuna mtu. Halafu kuna wale jamaa wa kangomba, wanunuzi wa korosho wa magendo, wanakaa njiani na mizani anamwambia mtoto nipe kilo moja nikupe buku, mtoto anajifunza kuficha hela na kuficha aliyempa. Mtu mwenye nia mbaya anataka nini tena? Kwahiyo tulipiga marufuku mtoto kwenda shamba bila mtu mzima, na hiyo haikuwa kwa ajili ya mzee peke yake. Maana msimu uleule tulimkamata mwingine kabisa, mtu wa kuheshimika, hajawahi kuonja hata mahabusu. Utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania 2009 ulisema karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana 1 kati ya 7. Waliofanya hayo siyo wote wa kutoka jela. Mkikaa kumchunga mzee mmoja tu milango mingine yote iko wazi.

Sasa kumfukuza. Kijiji cha jirani walimfukuza wao wa kwao, wakamvunjia na nyumba. Akaondoka, nikaja kusikia yuko dago, kambi ya wavuvi huko pwani, hakuna mjomba hakuna anayejua alifungwa kwa nini. Hebu niambie hapo nani kapata usalama. Wakanada waliligundua hili 1994 huko Hamilton, Ontario, alitoka mtu ambaye mji mzima ulimuogopa, mchungaji mmoja na waumini wachache wakaamua kuwa wanamzunguka, wanamtembelea, wanamuuliza maswali magumu, na mpango ukaenea nchi zingine. Ukiuangalia ni ukoo tu ule, ila wao ilibidi wautengeneze upya.

Wa kwetu mpaka sasa yupo, kimya, simtetei na siwezi kukuapia lolote. Mjomba ameanza kuzeeka na hilo ndo linaninyima raha, tunatafuta nani ashike baada yake.

Nimeona umeongezea huko chini kwamba wazee wa msikiti wanataka mzee awe anasaidia kufundisha madrasa kwa sababu ametoka amehifadhi Kurani. Hapana. Aswali safu ya mbele akitaka, adhini, afagie msikiti, watoto asiwafundishe, awe peke yake au na mwenzake. Na vijana wa kijiweni nenda ukaongee nao leo usingoje Ijumaa, mkimuumiza mtakaofungwa ni nyie. Mtoto yeyote akisema kitu, cha kwanza asiogeshwe, nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, mchukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kisha hospitali, namba ya bure ni 116.