Mwani wa Jambiani unaweza kuota Ziwa Victoria?

SWALI: Shangazi yangu aliyeolewa Jambiani, Unguja, ameniletea mwani mkavu wenye rangi ya majani yaliyokauka. Nilipouloweka ulivimba, nikaona matawi yake yamezungukwa na vijiba vyenye ncha. Anasema ni mwani mwekundu, lakini wekundu siuoni. Ni wa aina gani, nami naweza kuupanda hapa ziwani? Msomaji wa Kirumba, Mwanza.

JIBU: Kwa maelezo yako, inaelekea huo ni Eucheuma denticulatum, ambao wakulima wa Zanzibar huuita spinosamu. Rangi isikusumbue. Mwani huo umo katika kundi la mwani mwekundu kwa sababu ya rangi asilia iliyomo ndani yake, lakini ukiwa hai huweza kuonekana wa kahawia, wa kijani au wa zambarau, na jua la kuanikia huupausha zaidi.

Kinachoutambulisha ni vile vijiba. Katika spinosamu hujipanga kwa duara kulizunguka tawi, duara baada ya duara, ilhali ndugu yake Kappaphycus alvarezii, maarufu kama kotonii, ana matawi manene na laini, yenye vijiba vichache visivyo na mpangilio. Hata ute unaotolewa humo hutofautiana: wa spinosamu huganda kwa ulaini, wa kotonii huwa mgumu na humeguka.

Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino. Vipande hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, katika maji ya kina kifupi yaliyokingwa na miamba ya matumbawe, na wakulima, wengi wao wanawake, huvihudumia maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida.

Ziwani hautaota. Mwani huo umezoea maji yenye chumvi ya takriban gramu 30 hadi 35 kwa lita. Ukitiwa katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi kama ya ziwa, maji huingia kwa wingi ndani ya seli zake, ukalegea na kuoza. Ipo mimea michache ya kundi hilo inayoishi kwenye vijito vya maji baridi, lakini si hii ya kulimwa.

Ule utando wa kijani unaouona ufukweni Mwanza nao si mwani wa aina hii, bali ni bakteria wanaostawishwa na mbolea na majitaka yanayoingia ziwani. Baadhi yao hutoa sumu, kwa hiyo usiuvune kwa chakula wala kuwanywesha mifugo maji yake.