Mwanangu kanihesabia picha

SWALI: Shangazi shikamoo. Nipo Moshi, Majengo, nina mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 10 nilimzaa kabla sijaolewa, mdogo ana 4, baba yake ndo mume wangu, Mjerumani. Juzi mkubwa kachukua simu yangu, akaniambia mama nimehesabu, mwezi huu mdogo ana picha 41 mi nina 6, na kwenye hizo 6, nne nimembeba yeye. Nikamwambia we si mkubwa bwana. Akanyamaza. Shangazi mi sibagui, nitabaguaje na mimi mwenyewe mweusi? Ila toka siku ile usingizi hauji.
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuwa mweusi hakukukingi hata kidogo. Marekani miaka ya 1940 mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark, weusi wote na wanasaikolojia wote, waliwawekea watoto weusi midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wengi wakasema yule mweupe ndo mzuri. Ushahidi huo ukafika mpaka mahakama yao ya juu kabisa kwenye kesi ya 1954 ya kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Na sisi je, enzi za mkoloni shule ya Mzungu kivyake, ya Mhindi kivyake, ya Mwafrika kivyake, bibi zetu wamekulia humo, halafu tunashangaa mkorogo unavyonunuliwa.

Picha mi wala hazinitishi sana. Jisikilize siku unawasuka. Mdogo "jamani nywele laini hizi", mkubwa "hebu tulia, nywele zenyewe kama stilwaya". Jua likiwaka mdogo "njoo ndani utaungua", mkubwa "njoo ndani utazidi kuwa mweusi". Hilo la jua nimeshamwambia mjukuu wangu kwa mdomo huu huu, na nilikuwa najiona mtu wa haki kweli kweli.

Usirudie kumwambia "we mkubwa". Mwambie umehesabu sawa mwanangu, nimeona, samahani. Na usianze kumpiga picha kwa pupa, ana miaka 10 huyo, atajua unalipa deni. Baba yao naye umwambie, asije akasikia kwa mtoto.

Halafu Krismasi mkipanda kihambani, kwenye shamba la ukoo, ndugu zako watamdaka mdogo, "mzungu wetu kaja!", mkubwa aachiwe mabegi. Begi beba wewe, yeye atangulie kusalimia.