Kabla hujaitupa riwaya ya majini na vyombo vya angani

Wengi wanaoniomba niwachagulie riwaya ya fantasia au ya kisayansi huwa wameshaacha moja njiani. Ukiwauliza walikwama wapi, jibu halibadiliki: majina mengi, sayari nyingi, ramani ukurasa wa kwanza, mtu hajui ashike lipi. Usishike lolote. Zisome kurasa hamsini za mwanzo kama unavyosikiliza ugomvi wa majirani ukutani: huwajui wote, lakini unajua nani kamkosea nani. Jina lenye uzito litarudi lenyewe. La kujiuliza mapema ni hili: humu ndani yupo mtu ambaye nataka kujua yatakayomkuta?

Kwa kipimo hicho, iliyonikamata kuliko zote nilizosoma karibuni ni The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, ya mwaka 2023. Ni Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Amina alikuwa nahodha wa maharamia. Sasa amestaafu, goti linamsumbua, ana binti mdogo wa kulea na anajitahidi kushika sala zake. Bibi mmoja tajiri anamjia na donge nono ili amtafute mjukuu wake aliyepotea, na jahazi la Marawati linarudi baharini: Aden, Mogadishu, Socotra. Uchawi upo, tena mzito, na yupo mume ambaye si binadamu (sehemu hizo nilicheka peke yangu kwenye daladala). Lakini kinachosukuma kurasa ni mama aliyemwacha mwanawe nyumbani na hajui kama atarudi. Aliyekulia Lamu au Unguja anaingia humo akiwa na mtaji: pepo za msimu, bandari zenye watu wa kila kabila, tahadhari ya kutotaja majini ovyo. Pambano la mwisho limevutwa mno, ila nilisamehe.

The Three-Body Problem ya Liu Cixin inakivunja kipimo changu, na bado naipendekeza. Imeandikwa kwa Kichina. Tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu ilitoka 2014 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, ya riwaya za kisayansi na fantasia. Mwanzo wake unauma: enzi ya Mapinduzi ya Kitamaduni ya China, binti anamshuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Miaka baadaye binti huyo huyo anapata nafasi ya kujibu sauti kutoka anga za mbali. Utaelewa kwa nini anajibu anavyojibu, na hapo ndipo riwaya ilipo na nguvu. Kisha tunakabidhiwa mtafiti Wang Miao, mtu mkavu kama karatasi. Ana mke na mtoto, ila mwandishi ni kama kawasahau. Vumilia. Ukifika pale, ndani ya mchezo wa kompyuta anaoucheza Wang, askari milioni 30 wanapopangwa uwandani na bendera zao ili jeshi zima liwe kompyuta, utaelewa kwa nini nasema vumilia. Na usiruke sura za mchezo huo, maana siri imefichwa humo.

Kwa asiye na muda, ipo Binti ya Nnedi Okorafor, 2015, fupi kiasi cha kumalizwa Jumamosi moja. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka nyumbani kwenda kusoma chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Safari inatisha kwelikweli. Mwisho sikuukubali: wenzake wameuawa chomboni, kisha maridhiano yanapatikana upesi mno.

Wanaodhani mambo haya hayapo kwa Kiswahili nawapa Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kuishia kwenye jamii iliyojipanga kwa haki. Wenyeji wake wanahutubia mno, na kuna kurasa nilizopita mbiombio. Hata hivyo sura za mwanzo, za hukumu na chombo, zina kasi ambayo riwaya nyingi za nje zingeitamani.

Kuhusu pesa: nyingi za aina hii huja kwa mafungu ya vitabu vitatu. Duka litakushawishi ubebe vyote. Nunua cha kwanza tu, na kama kinapatikana kwenye simu, soma kwanza zile kurasa za bure. Mimi kwa sasa nipo kwenye Rosewater ya Tade Thompson, Nigeria ya 2066. Cha pili sijakigusa.