Kuhusu hiyo pikipiki yako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Ati uchukue mkopo wa sacco ununue boda, umpe kijana hapo Nakuru aendeshe, akuletee mia tatu kila jioni na wewe uko zako ofisini. Unauliza kama hesabu inatoka. Inatoka, wewe ndiye ulisomea akaunti. Mimi nataka kujua nani atakuwa anaiangalia.

Pesa ya kando inataka macho, si nimewaimbia hiyo tangu mkiwa wadogo. Vile visamaki vya omena vya mwaka wa mvua ya El Niño, 1997, unavikumbuka? Makarai kumi na mawili, bado mbichi, nimeacha shangazi yako aanike pale ufuoni Dunga kwa neti, mimi narudi kazini kupiga taipu. Saa nane hivi naona kwa dirisha wingu linatoka ziwani, jeusi tii, na siwezi kutoka kwa sababu bosi anangoja barua yake. Kufika jioni, omena imekuwa uji kwa mchanga, kunguru wameshiba, na shangazi alikuwa ameenda matanga! Ile iliyobaki niliuzia watu wa chakula cha kuku, bei hata sitaji. Halafu baba yako akaniuliza tu, "Kwani mshahara hauna?" Hiyo ndiyo iliniuma kuliko omena yenyewe.

Lakini pia nisijifanye, mwaka uliofuata nilimwachia shangazi huyo huyo, na hiyo omena ndiyo ilikupeleka fomu one. Kwa hivyo macho si lazima yawe yangu. Ama? Shangazi ni damu lakini, huyo kijana wako umemjua lini?

Na kitu kingine, uvuvi wa omena ukifungwa Aprili mpaka Julai mimi nauza njugu, hakuna mtu ananidai. Mkopo haufungwi Aprili. Pikipiki ikilala gereji wiki mbili, sacco wanakata mshahara kama kawaida.

Sisemi usinunue. Nimeandika hapo juu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, maana ni pesa yako na wewe ni mtu mzima. Niambie tu hiyo pikipiki itakuwa inalala wapi usiku, kwako ama kwake.

Jumapili niko sokoni Kibuye, usipige kabla ya saa kumi, kuna kelele sisikii kitu.

Mama